Koleo la kukunja jipya, gumu kama limechomelewa. Nalilegezaje bila kuliharibu?

Kucha_Moja (mleta uzi)
Wakuu salamu. Nina koleo la kukunja, zile zana za mfukoni zenye koleo katikati na ndani ya mipini kuna kisu, msumeno, tupa, bisibisi mbili, kifungua kopo na mkasi mdogo. Ni jipya, limetoka kwenye boksi wiki hii. Koleo lenyewe halina neno. Shida ni vifaa vya ndani ya mipini, havitoki! Kisu nakitoa kwa kujikaza. Bisibisi ndogo imenivunja ukucha wa dole gumba, sasa natumia mkono wa pili. Na ikikubali kutoka haiji peke yake, inakokota kifungua kopo na tupa, vyote vitatu vinanyanyuka kama watoto walioshikana mikono.

Jana kisu kiliponishinda nikakibana kwa koleo jingine nikavuta. Kikatoka ghafla. Nina plasta kwenye kidole cha shahada.

Naomba msaada. Nipake nini? Nilegeze skrubu? Au haya mambo huisha yenyewe?

Nyundo7
Pole kwa ukucha mkuu. Dawa ndogo tu: mafuta ya kupikia, fungua funga fungua funga, kesho utakuja hapa kutoa ushuhuda.

MamaCherehani
Nyundo7 usimpoteze mwenzio. Mafuta ya kupikia leo yanateleza, lakini yakikaa na hewa yanakuwa kama utomvu. Niliwahi kuletewa cherehani ambayo gurudumu halizunguki hata kwa mikono miwili. Mwenye nayo aliipaka mafuta ya jikoni mwaka mzima. Ndani nilikuta utando wa njano, mgumu kama kucha, nikautoa kwa mafuta ya taa na sindano, jioni nzima. Koleo la mkuu hapa lina nafasi nyembamba kuliko cherehani. Akiweka hayo, baada ya miezi michache anarudi na uzi mwingine.

Nyundo7
Sawa mama, nimekaa chini 😄

Kimyakimya
Nafuatilia. Langu nalo ni hivyohivyo.

MzeeWaTupa
Mleta uzi, usimimine kitu chochote kabla hujajua ugumu uko wapi. Watu wanasema "gumu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ni mitatu, na dawa ya mmoja haisaidii mwingine.

Kuna ugumu wa springi. Huu unausikia mwanzoni tu. Kifaa kinagoma, ukikinyanyua kidogo kinalegea, kikikaribia mwisho kinaruka chenyewe na kulia "tak". Huo si ubovu. Nyuma ya kila kifaa, pale penye tundu la pini kinayozungukia, kuna kisigino chenye pembe, na springi inakikandamiza ili kisu kisijifungulie mfukoni. Kisu cha maofisa cha Uswisi kilichosajiliwa mwaka 1897, baba wa hivi visu vyekundu vya Victorinox, ujanja wake mkubwa ulikuwa hapo: springi moja inashika vifaa vya pande zote mbili. Nguvu ya springi huiondoi kwa mafuta, na wala hutaki kuiondoa. Unachopunguza ni msuguano wa kisigino kinapoteleza juu yake.

Kuna ugumu wa pini. Hapo kifaa ni kizito sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Hakiruki. Ukikiachia katikati kinabaki palepale. Hapo ama skrubu imekazwa kupita kiasi, ama pini ni kavu, ama mafuta ya kiwandani yameganda.

Halafu kuna ugomvi wa majirani. Vifaa vimepangwa vinagusana ubavu kwa ubavu, kimoja kikitoka kinakokota mwenzake. Ama kifaa kinakwama mahali pamoja tu pa safari yake, kabla na baada ya hapo ni laini. Mara nyingi utakuta ukingo wake una vijinyoya vya chuma vilivyobaki kilipokatwa.

Kwa hiyo keti, toa kimoja kimoja, polepole, vidole vikwambie. Kisha urudi hapa na majibu ya kila kifaa.

Na usirudie kuvuta kisu kwa koleo. Unakwaruza ubapa, na kikiachia hujui kinaelekea wapi.

Kucha_Moja
Shikamoo mzee. Nimefanya. Majibu:

Kisu: kigumu mwanzoni, kisha kinaruka. Springi.
Msumeno: kama kisu.
Mkasi: mzuri tu.
Bisibisi kubwa: nzito mwanzo mwisho, inabaki popote nikiiachia.
Tupa, kifungua kopo, bisibisi ndogo: hawa ndio wale watoto. Tupa ikifika kama nusu ya safari inakwaruza, naisikia hadi kwenye meno.

Kumbe nilikuwa nalaumu koleo zima.

MzeeWaTupa
Marahaba. Una magonjwa yote matatu ndani ya kifaa kimoja, utakuwa fundi kwa lazima. Anza na kuosha. MamaCherehani ana mkono mzuri kwa hilo kuliko mimi, ninayeosha kila kitu kwa mafuta ya taa.

MamaCherehani
Haya, sikiliza mwanangu.

Kwanza zungushia makali ya kisu utepe wa karatasi, ule wa kupakia rangi. Msumeno pia. Mikono yenye sabuni na kisu kinachoruka havipatani.

Maji ya uvuguvugu, si ya moto wa kuunguza, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Zamisha koleo zima, na ndani ya maji humohumo fungua na funga kila kifaa mara kumi, kumi na tano. Hata Victorinox wenyewe wanaelekeza hivyo, maji ya uvuguvugu na kufungua kufunga, kisha tone la mafuta. Pitisha mswaki wa zamani kwenye mianya. Nilipofanya langu maji yaligeuka kijivu kama ya kuoshea sufuria ya alumini. Koleo jipya, halijawahi kushika kazi! Ule ni unga wa kung'arishia na vumbi la chuma, vyote vilikuwa vimekaa kwenye pini.

Suuza kwa maji masafi, kung'uta. Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu: wanafuta nje wanasema limekauka. Maji yamejificha ndani kwenye pini. Acha vifaa vyote nusu wazi, kama nungunungu, uweke juani au upulize kwa kikausha nywele hadi uone hata ukikung'uta juu ya karatasi hakidondoki kitu. Hiki chuma tunakiita hakishiki kutu, lakini kilaze na maji uone.

Mafuta: ya cherehani. Ni mepesi, yanapenya, hayaachi utomvu. Kama koleo utalitumia kukatia chakula, basi tafuta mafuta ya madini yaliyo salama kwa chakula. Usimimine toka kwenye chupa. Chovya ncha ya sindano, tone dogo lining'inie, ligusishe pale pini inapopita. Tone jingine kati ya kisigino na springi, hapo ndipo kisu chako kinapogoma. Fungua funga mara ishirini. Yatatoka mafuta meusi. Futa kwa kitambaa, weka tone jingine, rudia hadi yatoke yakiwa na rangi yake. Mwisho futa kila kilichobaki nje, mafuta ya ziada yanakusanya nyuzi za mfukoni na vumbi, yanakuwa tope.

Kimyakimya
Swali la mjinga. Kwani mafuta yana lazima gani? Mimi langu nilikuwa nafungua na kufunga kavukavu nikiangalia mpira, dakika tisini nzima. Likalegea kiasi.

MzeeWaTupa
Si la mjinga. Kufungua na kufunga kwenyewe ndiyo tiba, hapo uko sahihi. Nyuso mbili mpya zina milima na mabonde usiyoyaona, zikisuguana milima inapungua. Ila chuma kisichoshika kutu kina tabia mbaya: kikisuguana na chenzake kikavu, kwa kubanwa, badala ya kulainika kinang'atana. Kipande cha huyu kinabandukia kwa yule. Muulize fundi yeyote aliyefunga nati ya chuma hicho kwenye boliti ya chuma hichohicho bila kilainishi. Inaganda katikati ya uzi wa boliti, haiendi mbele wala nyuma, unaikata kwa msumeno. Kwenye koleo lako pini ikianza kung'atana utasikia mkwaruzo mpya ambao haukuwepo. Pasha misuli chini ya mafuta. Mpira utakuwa uleule.

Nyundo7
Mzee na ile sprei ya WD-40? Ninayo hapa kopo zima.

MzeeWaTupa
Jina lake lenyewe linakwambia kazi yake. WD ni kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953. Inasafisha vizuri, inalegeza mafuta yaliyoganda, inafukuza maji yaliyobaki baada ya kuosha. Ulainishi inao kiasi, lakini sehemu kubwa yake hupeperuka na utando unaobaki ni mwembamba. Kwa hiyo puliza, fanyisha kazi, futa, kisha weka mafuta yenyewe. Ukiishia kwenye sprei utakuwa unapuliza kila mara.

Dogo_Bisi
Wazee mnazunguka mbuyu. Dawa ya meno! Jaza kwenye bawaba, fungua funga mara 200, osha. Ina mchanga laini, inasaga pini inakuwa kioo. Nimefanya kwa kisu changu kinadondoka chenyewe siku hizi.

MzeeWaTupa
"Kinadondoka chenyewe." Umeisoma sentensi yako?

Dogo_Bisi
Si ndiyo ulaini mzee 😂

MzeeWaTupa
Kishike kisu kikiwa wazi, sukuma ncha kushoto na kulia. Kinacheza?

Dogo_Bisi
...kidogo.

MzeeWaTupa
Ndiyo hivyo. Kinachosaga hakichagui milima peke yake. Kinakula pini, kinakula tundu, na hukitoi chote kwa kuosha, kinaendelea kusaga ukiwa umelala. Kilicholiwa hakirudi. Kwenye koleo la skrubu angalau unaweza kukaza. La ribiti, pini iliyogongwa isiyofunguka, ndiyo basi tena. Sisemi haifanyi kazi, inafanya kazi kupita tunavyohitaji.

Skrubu_Nne
Ngoja niwape yangu ili mleta uzi asifike huko. Mimi langu nililifungua lote. Nilijiambia ni skrubu nne tu, nitashindwa nini? Kichwa chake ni cha nyota ya pembe sita, yenye kijiti katikati. Bisi ya kawaida ya nyota haiingii kwa sababu ya hicho kijiti, inatakiwa yenye tundu. Hapo ningejua kwamba wenyewe hawataki nifungue. Nikatafuta bisi.

Skrubu ya kwanza ikagoma. Kumbe uzi wake umepakwa gundi ya skrubu. Nikasukuma hadi pembe za nyota zikaanza kuliwa, nikaacha. Mtu akanifundisha: gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa muda mfupi, gundi inalainika kwa joto. Ikafunguka kama siagi. Nikashangilia mapema.

Nilipotoa mpini, springi ikaruka. Sikuiona ilikokwenda, niliisikia tu ikigonga kabati. Halafu vikaanza kudondoka vidude vyembamba vya shaba, mviringo, vyepesi kuliko maganda ya karanga. Ndizo zinaitwa washa. Zilikuwa sita nadhani, au saba. Hazilingani unene, na sikuwa nimeangalia ipi ilikaa wapi. Nilikesha. Nilijaribu mipangilio yote, nikikaza kisu kinaganda, nikilegeza msumeno unacheza. Mpaka leo kifungua chupa nimekitoa nimekiweka kwenye droo, ndipo vingine vikakubali kukaa. Na waranti kwaheri, kijitabu kilisema wazi ukifungua mwenyewe umejitoa.

Kucha_Moja
Pole mkuu, lakini nimecheka kwenye kabati.

MamaCherehani
Cheka tu lakini tandika shuka nyeupe siku ukitaka kufungua kitu chenye springi.

Kucha_Moja
Ripoti ya kwanza. Nimeosha, nimekausha kama nungunungu, nimepaka. Maji yalitoka kijivu kweli, sikuamini. Mafuta ya mara ya kwanza yalitoka meusi, ya mara ya nne ndiyo yalikuwa safi. Kisu na msumeno sasa vinatoka kwa ukucha wa kawaida, bado vina nguvu ila havitishi. Kifungua kopo kimeacha kufuatana na wenzake.

Zimebaki bisibisi kubwa, bado nzito, na tupa bado inakwaruza palepale. Na jambo jipya: kisu kikiwa wazi, ile loki ya bapa inayokizuia kisijifunge inang'ang'ania. Naisukuma hadi dole gumba linaacha alama. Niitie mafuta?

MzeeWaTupa
Hapana! Uso wa loki usiupake mafuta. Pale panapogusana na kisu ndipo panaposhikilia usikatwe vidole. Chukua penseli ya kawaida, isugue kwenye ule uso, fungua funga mara kadhaa. Unga wa penseli unatosha kuondoa kung'ang'ania, na unakwisha kadiri loki inavyozoeana na kisu. Kisha jaribu: kisu wazi, gonga mgongo wake taratibu kwenye ubao, vidole vikiwa mbali na njia yake. Loki ikiachia, usikitumie, kirudishe walikokitengeneza.

Bisibisi kubwa ni skrubu iliyokazwa. Kama pini yake ni ribiti, iache, endelea kuifanyisha kazi. Kama ni skrubu na unafika kichwa chake kwa nje bila kufungua kitu, chora kwanza mstari mdogo kwa wino toka kwenye kichwa hadi kwenye mpini. Huo ndio ushahidi wako wa ilikokuwa. Kisha legeza sehemu ya nane ya mzunguko, si zaidi. Jaribu. Ikicheza kushoto na kulia umezidisha, rudisha nusu ya ulichotoa. Ikikataa kuzunguka usiilazimishe, ni gundi, na habari za gundi Skrubu_Nne kashakwambia.

MamaCherehani
Na tupa paka wino. Chukua makapeni, paka ubavu wote wa tupa na wa jirani yake, ukauke, kisha fungua funga mara tano bila mafuta. Wino utafutika pale tu panapogusana. Mimi hutafuta hivyo mahali meno ya cherehani yanapokwaruza bamba la sindano.

Dogo_Bisi
Hii ya wino sikuijua. Naiba.

Kucha_Moja
Ripoti ya pili, siku tatu baadaye.

Penseli kwenye loki: imefanya kazi siku ileile. Nimegonga mgongo wa kisu kwenye ubao mara kumi hivi, loki haijatingishika.

Bisibisi kubwa: ilikuwa skrubu. Nimechora mstari, nimelegeza hata sehemu ya nane haijafika, ikawa laini ghafla. Nilitaka kuongeza kidogo tu, nikaikumbuka springi ya kwenye kabati, nikaweka bisi chini.

Tupa: wino ulibaki kote isipokuwa doa moja ukingoni karibu na kisigino, dogo kuliko punje ya mtama, linang'aa. Nikipitisha ukucha unanasa. Nilichukua msasa wa namba 1000, nikaukunja juu ya kijiti bapa, nikasugua doa lile tu, mara nane au tisa, kila mara nikijaribu. Mkwaruzo umekwisha. Nikaosha tena kwa sababu ya unga wa msasa, nikakausha, nikapaka.

Bisibisi ndogo ndiyo imebaki kiburi. Haikwaruzi, haikokoti mtu, ni springi tu na kijialama chake cha kuingiza ukucha ni kifupi mno.

MzeeWaTupa
Umefanya vizuri kuligusa doa lile peke yake. Ungepitisha msasa kwenye kisigino ungebadilisha pembe, kifaa kisingekaa imara tena.

Bisibisi ndogo usitumie ukucha. Chonga kijiti cha mti mgumu, au tumia ukingo wa sarafu, uingize kwenye ile alama unyanyue. Kufunga, bonyeza mgongo wake kwenye ukingo wa meza, si kwa kiganja. Ipe wiki chache. Na usifungue vifaa viwili vya springi moja kwa mpigo, unaipinda springi pande zote mbili na kila kimoja kinaonekana kigumu kuliko kilivyo.

Kucha_Moja
Aaah! Kumbe. Nimeangalia sasa hivi: bisibisi ndogo na msumeno ziko kwenye springi moja, na mimi kila mara nilikuwa naihangaikia msumeno ukiwa nusu wazi ili upishe kidole. Nimefunga msumeno kwanza. Imetoka.

Nyundo7
Kwa ukucha?

Kucha_Moja
Kwa sarafu. Ukucha bado unaota.